Nanihii

Futi kamba shingoni, pini mdomoni,
nipo barazani, Buguruni Malapa, cherehani inanguruma,
anaingia mtu na kivuli chake chote:
"Wewe! Umenisahau?"

Swali hilo, Mungu wangu.
Lingekuwa mbwa, ningejua njia ya kulikwepa.

Aa, nikusahau wewe?
Nacheka. Mwenye pini mdomoni hahimizwi maneno.
"Haya. Nitaje."

Nimtaje.
Bega la kushoto limeshuka nusu inchi kuliko la kulia.
Kifua arobaini, kiuno thelathini na nne,
hapendi kubanwa kwapani.
Kitenge chake cha mwisho kilikuwa cha kijani, ndege wakitazama juu,
nikakata mgongo ili ndege wawili wakutane kwenye zipu
bila hata mmoja kukatwa kichwa.
Umeme ulikatika saa nane na dakika kumi.
Alikunywa soda ya tangawizi, akaacha nusu.
Huanza kucheka kabla hajafika kwenye kichekesho.
Yote haya ninayo, yamekunjwa, yamepigwa pasi.
Jina tu ndilo sina.

Mji huu nimeuishi kwa kukopa:
dada, shem, jirani, bosi, mama'ngu,
na mambo yakizidi, nanihii.
Nanihii amenivusha harusi tatu
na msiba wa mama mkwe,
walipopanga mstari kunishika mkono,
kila mmoja akinipa jina lake kama anayerudisha chenji,
nami mfuko umetoboka.
Na hao akina mama fulani ndiyo kabisa:
hapo natakiwa kupoteza majina mawili.

Daftari langu la oda lina siri zake.
Mlango wa Bluu, gauni, Ijumaa.
Kikohozi, suruali mbili.
Jino la Dhahabu, kalipa nusu.
Jino la Dhahabu alilisoma siku moja, akiwa ng'ambo ya meza,
herufi zikiwa kichwa chini.
Nusu iliyobaki sijaiona mpaka leo.

Dharau, walisema. Fundi anajisikia.
Nami niliamini, miaka thelathini na tisa,
mpaka daktari aliyekuwa akimpima mwanangu
akaniuliza habari za mtoto, nikajibu za kwangu.
Akaweka kalamu chini.
Huu wa mtoto ni usonji, alisema. Na wewe, mama...
akachungulia faili kutafuta jina langu.
Mwenzangu ana faili.

"Sema basi," anasema huyu wa leo. "Sema!"

Natema pini. Navuta futi kamba,
namzungushia kiunoni,
maana mikono yangu haijawahi kumsahau mtu.
Ishirini na tisa.
Napima tena.
Ishirini na tisa.

"Umepungua inchi tano," nasema. "Tangu mvua za vuli."

Anakaa kwenye kigoda cha wateja
kama vazi lililochomolewa uzi.
Mtaa mzima, anasema, unaniita kwa jina.
Asubuhi kwa jina, jioni kwa jina.
Hakuna aliyeona.

Siulizi zaidi. Nampa kipande cha bitana afutie uso,
naendelea na vifungo vya watu mpaka amalize.
Anaacha gauni la ndege lipunguzwe.
Anaondoka bila kunidai jina.

Saa nne usiku naosha sufuria ya wali,
ukoko umegoma,
na jina linaingia lenyewe, miguu peku, bila hodi:
Semeni.

Sema basi, alisema. Sema!
Alikuwa ananiwekea mdomoni, kama kijiko.

Naiambia sufuria: Semeni.
Namwambia mwanangu, naye analirudia mara kumi na moja,
kwa hesabu zake, kisha ananyamaza ameridhika.
Mkono una povu, nafungua daftari:

Semeni. Bega la kushoto.
Gauni lipunguzwe.
Kitambaa kisikatwe. Iachwe akiba ndani,
inchi tano.